Betri ya Motokaa: Kwa Nini Haidumu, na Namna ya Kuchagua Iliyo Njema



Leo twataka kuzungumza nanyi habari za chombo ambacho watu wengi hawakikumbuki mpaka siku kinapokufa, nacho ni betri ya motokaa. Pengine wako watakaosema, "Sisi hatuna motokaa; habari hii yatuhusu nini?" Lakini siku hizi ni vijiji vichache visivyotegemea gari la mtu fulani. Gari lipelekalo samaki mnadani kabla ya jua kupanda, gari lichukualo mahindi ya chama kwenda ghalani, gari liamshwalo usiku wa manane kumpeleka hospitali mwanamke aliyeshikwa na uchungu, yote hutegemea betri. Injini yaweza kuwa nzima, mafuta yamejaa tangi, na dereva yu macho; betri ikiwa imekufa, gari lile ni chuma kilichosimama tu. Na mwenye gari akinunua betri mbovu, hasara yake huwafikia wengi: samaki huoza, mahindi hulala njiani, na mgonjwa huchelewa.

Malalamiko yasikiwayo kila mahali penye magari ni haya: kwamba betri za siku hizi hazidumu. Madereva wa zamani husimulia betri zilizokaa miaka minne au mitano, na huku mwenye gari wa leo huona betri yake yafa kabla ya mwaka wa pili kwisha, pengine kabla ya wa kwanza. Basi tuna maswali mawili mbele yetu. Je, ni kweli kwamba ubora wa betri umeshuka? Na mtu atakaye kununua nyingine, aichague vipi asije akatupa fedha yake?

Haifai kujibu kabla ya kujua betri ni kitu gani, kwa kuwa mtu asiyejua chombo hudanganywa na rangi yake. Mwaka 1859 Mfaransa mmoja jina lake Gaston Planté alitia mabamba ya risasi katika tindikali ya salfa, ambayo mafundi huiita asidi, akapitisha umeme ndani yake. Akaona kwamba mabamba yale yaliuweka umeme ule na kuurudisha baadaye. Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, alipaka mabamba uji mzito wa unga wa risasi, na kwa njia hiyo betri ikaweza kuweka umeme mwingi zaidi. Zamani zile injini za motokaa ziliwashwa kwa kuzungushwa na mkono wa chuma mbele ya gari, kazi iliyovunja mikono ya watu wengi. Mwaka 1912 huko Marekani magari ya Cadillac yakaanza kuuzwa yakiwa na mashine ya kuwashia injini kwa umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering, na baadaye betri ikawa moyo wa gari.

Betri ya gari dogo imegawanywa vyumba 6. Kila chumba hutoa volti 2 na kidogo zaidi, na vyote pamoja hufanya volti 12 na sehemu. Ndani ya kila chumba mmesimamishwa mabamba membamba, moja chanya na moja hasi, kwa zamu, na kati yao mmetiwa vitenganisho ili yasigusane. Tindikali iliyochanganywa na maji huyafunika yote. Betri itoapo umeme, mabamba hufunikwa na chumvi nyeupe ya risasi, na tindikali huwa nyepesi. Gari liendapo, mashine iitwayo alteneta huirudishia betri umeme, na chumvi ile huyeyuka na kurudi ilikotoka.

Hapa pana jambo la kushika sana. Chumvi ile ni kama ukoko wa ugali katika sufuria. Ukiosha sufuria mara moja, ukoko hutoka kwa urahisi. Ukiiacha mpaka kesho kutwa, utahangaika nayo kwa mchanga na kwa kisu. Vivyo hivyo betri iliyoachwa majuma mengi bila umeme: chumvi yake hugeuka kuwa ngumu kama jiwe, wala umeme hauiyeyushi tena. Betri hufa kwa njia nyingine mbili pia. Uji wa risasi humomonyoka kidogo kidogo na fremu ya bamba chanya huliwa na tindikali mpaka ikakatika. Tena maji hukauka, na sehemu ya bamba iliyobaki juu ya maji huharibika. Kila betri itakufa siku moja kwa mojawapo ya njia hizi. Tofauti ni kama itakufa kwa uzee au itauawa kijana.

Sasa tulijibu swali la kwanza. Je, ubora umeshuka? Jibu letu ni kwamba kwa upande mmoja ndiyo, na kwa upande mwingine la.

Betri njema ya leo ina mambo yanayoishinda ya zamani. Mabamba yake yametiwa kalsiamu kidogo mahali pa madini mengine yaliyotumika zamani, na kwa hiyo haipotezi maji upesi, wala haipungukiwi na umeme upesi ikiwa imekaa tu. Lakini viwanda vingi vimefanya mabamba kuwa membamba. Mabamba membamba hukaa mengi katika kisanduku kimoja, na mabamba mengi hutoa nguvu kubwa kwa mara moja, jambo lipendezalo siku ya kuwasha injini. Tena risasi hupungua, na gharama hupungua pamoja nayo. Walakini bamba jembamba huliwa upesi kuliko nene. Wazee wetu walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi wako watengenezaji waliokwisha kusifiwa, wakaanza kupunguza risasi ambayo mnunuzi haioni.

Tena kuna betri iliyozeeka dukani. Betri iliyotiwa tindikali kiwandani huanza kupoteza umeme wake siku ile ile, na penye joto huupoteza upesi zaidi. Ikikaa rafuni mwaka mzima bila kutiwa umeme, ukoko tuliousema huanza kushika. Mnunuzi huiona mpya, kwa kuwa haijafungwa katika gari lo lote, lakini ndani imekwisha kuugua.

Jambo baya kupita yote ni betri za bandia. Wako watu wanunuao betri zilizokufa, wakaziosha, wakamwaga tindikali ya zamani na kutia mpya, wakazitia umeme usiku kucha, kisha wakapaka rangi na kubandika karatasi yenye jina la kiwanda kisifiwacho. Betri hiyo itawasha gari mbele ya macho yako, na itaendelea kuliwasha kwa majuma machache. Kisha siku moja alfajiri utageuza ufunguo, usisikie ila mlio mdogo, "ta, ta, ta", na huo ndio mwisho wake.

Lakini, wasikilizaji wetu, haki yatutaka tuseme upande wa pili. Betri nyingi zilaumiwazo hazikuwa mbovu. Ziliuawa na gari zilimofungwa, au na mwenye gari mwenyewe. Mtu huyu hutupa betri njema, hununua nyingine, na ile ya pili hufa vivyo hivyo. Kwa sababu hii twasema: usinunue betri mpya kabla hujajua ni nini kilichoiua ya kwanza. Yafaa kutazama mambo manne.

La kwanza ni joto. Mafundi huhesabu kwamba joto likizidi kwa digrii 10, maisha ya betri hupungua karibu nusu. Betri iliyo chini ya boneti katika Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, karibu na injini ya moto, haiwezi kuishi miaka sawa na ndugu yake aliyeko Limuru au Njombe, hata kama zimetoka kiwanda kimoja siku moja. Ikiwa kikingio cha joto kilichofunika betri kimetupwa na fundi, kirudishwe.

La pili ni alteneta. Washa injini, kisha umwambie fundi aweke mita juu ya vichwa viwili vya betri. Katika magari mengi mita yapasa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, betri hailishwi ikashiba, na ukoko hushika. Ikiwa juu ya 14.8, betri huchemshwa, na maji yake hukauka. Kipimo hiki huchukua dakika moja tu, na aghalabu gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya betri.

La tatu ni umeme unyonywao kwa siri. Redio, king'ora cha wezi, au taa ndogo iliyosahauliwa hunyonya betri usiku na mchana. Nanyi wanafunzi mwaweza kuhesabu wenyewe. Ikiwa betri ni ya ampea-saa 45, na kitu fulani chanyonya ampea 0.05 tu, kwa saa 24 kitakuwa kimenyonya ampea-saa 1.2. Gari likisimama siku 19, nusu ya umeme wote imekwenda. Sasa fikirini kitu kinyonyacho mara kumi ya hapo! Gari litawaka leo, lakini baada ya siku mbili halitawaka, na lawama yote itaangukia betri.

La nne ni maji na usafi. Katika betri zenye vizibo, maji yanapopungua hutiwa maji safi yaliyokenekwa, yauzwayo kwa kazi hiyo. Maji ya kisima yana chumvi, na ya pwani yana chumvi nyingi. Maji ya bomba yana dawa. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati yana vipande vya madini. Yote haya huharibu mabamba. Wala mtu asiongeze tindikali mahali pa maji, kwa kuwa kilichokauka ni maji, na tindikali imebaki ndani. Akiongeza nyingine, mabamba huliwa upesi. Vichwa vya betri vikiota ukungu mweupe au wa kijani, vioshwe kwa maji ya moto yenye magadi, vikaushwe, kisha vipakwe grisi. Na betri ifungwe imara, maana betri irukayo rukayo katika barabara ya mashimo humwaga uji wa mabamba yake chini.

Basi, ukiwa umeyatazama hayo yote na kuona kwamba gari ni zima, na betri ya kwanza imekufa kwa uzee au kwa ubovu wake, sasa waweza kwenda dukani. Na hapa twaingia katika swali la pili.

Kwanza ujue ni betri gani ya gari lako. Usiseme tu, "Nipe betri." Magari mengi ya kwetu yatoka Japani, na betri zake huandikwa mfano wa hivi: 55D23L. Tarakimu za mwanzo zaonyesha kiasi cha nguvu. Herufi ya katikati yaonyesha upana na kimo. Tarakimu zifuatazo zaonyesha urefu kwa sentimita, yaani hapa ni sentimita 23. Na herufi ya mwisho, L au R, yaonyesha mpango wa vichwa. Ukikosea herufi ya mwisho, waya hazitafika, na fundi asiye mwangalifu atazivuta kwa nguvu mpaka zigusane. Magari mengine ya miaka ya karibuni huzima injini yenyewe yakisimama, kisha huiwasha tena. Hayo yana betri za namna yake, zenye alama kama M-42 au Q-85. Ukiyatilia betri ya kawaida itakufa mapema, maana haikufanywa kwa kazi ya kuwasha injini mara nyingi kwa siku.

Pili, tafuta tarehe. Viwanda vingine huiandika wazi. Vingine huificha katika alama zilizochongwa, herufi ikiwa mwezi na tarakimu ikiwa mwaka. Mwambie mwenye duka akusomee alama hiyo na akueleze maana yake. Muuzaji mwaminifu ataisoma. Asipoweza, au akikasirika, nenda duka jingine. Betri iliyokwisha kupita miezi 6 tangu kutengenezwa, bila kutiwa umeme tena, usiichukue kwa bei ya betri mpya.

Tatu, ipime uzito. Hiki ndicho kipimo cha maskini, nacho ni kizuri sana, kwa kuwa risasi ni nzito kuliko maji mara 11, na katika betri ya kawaida risasi ni kama sehemu 6 katika 10 za uzito wote. Mwizi aweza kuiga rangi, aweza kuiga karatasi, aweza kuiga hata muhuri. Lakini uzito wa risasi hauigiki bila risasi. Ukiona betri mbili zenye ukubwa mmoja na alama moja, zote zikiwa na tindikali ndani, na moja ni nyepesi kwa kilo mbili au tatu, ujue iliyo nyepesi imepunguziwa kitu. Hapana duka la nafaka lisilo na mizani, omba uitumie.

Nne, mita iwekwe mbele yako kabla hujatoa fedha. Betri iliyopumzika, iliyojaa, yasoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.4, imekwisha kupungukiwa robo, ikisoma 12.2, imebaki nusu. Na ikisoma 12.0, imekaribia kuwa tupu. Betri mpya isomayo chini ya 12.4 ikataeni, au itiwe umeme kwanza na ipimwe tena kesho yake. Kisha ifungwe katika gari, na mtu mmoja awashe injini huku mwingine akitazama mita. Wakati wa kuwasha haifai volti kushuka chini ya 9.6. Ikishuka zaidi ya hapo, na injini ni nzima, betri haina nguvu, ingawa ikipumzika yaonyesha 12.6. Maana volti za betri iliyopumzika ni kama maneno ya mtu aketiye kivulini. Nguvu zake utazijua umtwikapo mzigo.

Tano, tazama sanduku lenyewe. Betri iliyopakwa rangi upya aghalabu huwa na mikwaruzo chini ya rangi, au vichwa vilivyokwisha kukamatwa na vibano vya waya, vyenye alama za koleo. Vichwa vya betri mpya ni laini. Gundi ya karatasi iliyobandikwa juu ya nyingine huonekana pembeni. Tazama pia alama ya shirika la viwango, KEBS kwa Kenya na TBS kwa Tanzania, lakini usiitegemee peke yake, kwa kuwa alama ya karatasi nayo yaweza kuigwa.

Sita, pata stakabadhi yenye tarehe, jina la duka, na alama ya betri ile ile uliyoinunua, pamoja na hati ya dhamana. Soma dhamana hiyo yasema nini: miezi mingapi, na nani atakayelipa. Dhamana ya mdomo hufa kabla ya betri. Na duka lililopo mahali pake miaka mingi ni bora kuliko mtu auzaye katika gari lililofunguliwa nyuma kando ya njia, kwa kuwa kesho hutamwona.

Kuhusu bei twasema maneno machache. Rahisi huvunja upishi. Betri ya nusu bei ikikaa miezi 8, na ya bei kamili ikikaa miezi 36, ni nani aliyenunua kwa bei nafuu? Yule wa kwanza katika miezi hiyo 36 atanunua betri tano, na usiku ambao gari lake halikuwaka hakuna aliyeutia katika hesabu. Lakini pia msidhani kwamba bei kubwa ni ushahidi. Betri ya bandia yaweza kuuzwa kwa bei kamili. Mizani na mita ndivyo mashahidi.

Pana neno tungependa kuwaambia walioko vijijini ambako umeme haujafika. Watu wengi hutumia betri ya motokaa kuwashia taa na televisheni nyumbani. Betri hiyo imefanywa kutoa nguvu nyingi kwa muda wa sekunde chache, kisha ijazwe papo hapo. Mkiinyonya kila usiku mpaka iishe, itakufa kwa miezi michache, hata ikiwa njema sana. Kwa taa za nyumbani iko betri ya namna yake yenye mabamba manene, iuzwayo pamoja na vyombo vya umeme wa jua. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini hustahimili kazi ile. Na hata hiyo, isinyonywe kupita nusu.

Mkiifunga betri au kuifungua, mwe na hadhari. Betri inayotiwa umeme hutoa hewa ishikayo moto kwa urahisi. Kwa hiyo sigara, kibiriti na kibatari viwe mbali. Waya wa hasi ufunguliwe wa kwanza na ufungwe wa mwisho. Tindikali ikimwagikia ngozi au jicho, oshani mara moja kwa maji mengi, kwa muda mrefu, na mwenye kuumia jicho apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Yabaki habari ya betri iliyokufa. Wengi humwuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu apitaye na mkokoteni, nao hufurahi kupata shilingi chache. Lakini fikirini betri ile yaenda wapi. Pengine yaenda kwa yule mpaka rangi tuliyemtaja, nayo itarudi sokoni kuwadanganya jirani zenu, au ninyi wenyewe. Pengine itavunjwa kwa shoka nyuma ya nyumba ya mtu, tindikali ikamwagwa ardhini, na risasi ikayeyushwa katika sufuria mahali wachezapo watoto. Risasi ni sumu. Mvuke wake na vumbi lake huingia mwilini, na kwa watoto huharibu ubongo unaokua, wala hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika Senegali, watu walikuwa wakivunja betri za motokaa na kuchekecha mchanga wake wapate risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 wakafa. Na karibu nasi, katika kijiji cha Owino Uhuru huko Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kilichowatia wakazi sumu ya risasi. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2014, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fedha ni nyingi, lakini haiwezi kununua ubongo wa mtoto uliokwisha kuharibika.

Kwa hiyo betri iliyokufa irudisheni kwenye duka mnunualo mpya. Maduka mengi makubwa huipokea na kupunguza bei ya ile mpya, kisha huipeleka kwa watengenezaji, ambao huyeyusha risasi yake na kuifanyia mabamba mengine. Risasi yaweza kuyeyushwa na kutumiwa tena mara nyingi. Ichukueni ikiwa wima, tindikali isimwagike, wala msiivunje.

Wasikilizaji wetu, tukusanye maneno yetu. Kabla ya kununua, tafuta kilichoiua betri ya kwanza: joto, alteneta, umeme unyonywao, au maji. Wakati wa kununua, ujue alama ya gari lako, soma tarehe, pima uzito, weka mita, tazama sanduku, na shika stakabadhi. Ukiisha kununua, andika siku ile kwa rangi juu ya sanduku, ili ujue miaka yake kwa hakika, na siku itakapokufa useme kweli kama ilidumu au haikudumu. Mtu asiyeandika hulalamika kwa kukisia. Aliyeandika aweza kurudi dukani na kudai haki yake.

Na katika kijiji chenye gari moja tu litegemewalo usiku, yafaa wazee na mwenye gari wapatane kwamba betri yake ipimwe kwa mita kila baada ya miezi mitatu. Kazi hiyo haizidi dakika tano, na mwanafunzi wa darasa la juu aliyefundishwa kusoma mita aweza kuifanya akisimamiwa na fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa betri huonekana katika mita kabla haujaonekana katika giza, mgonjwa akiwa amelazwa ndani ya gari.